Sufuria ya Posa

Nabiha wa Kibokoni hakujua ni nani aliyekalia sufuria yake, na zilibaki siku tatu tu kufika Ijumaa. Ijumaa hiyo wageni wangekuja kumposa bintiye, Jihan, na katika nyumba ile hajapata kuposwa msichana ila kwa biriani iliyopikwa ndani ya sufuria hiyo, ya marehemu mamake. Nabiha aliiazimisha kwa harusi moja, ikatoka hapo ikaenda kwa nyingine, na nyingine tena. Baadaye ilikwenda wapi, Mungu ndiye ajuaye.

"Si uulize tu," mumewe, Taha, alimwambia.

"Niulize! Nipite mlango kwa mlango nikidai sufuria, watu waseme mke wa Taha hana haya?"

Taha akarudia kahawa yake.

Kudai chombo waziwazi ni ukosefu wa adabu, lakini fumbo halina ubaya. Na Nabiha alikuwa fundi wa mafumbo tangu simu hazijajua kupiga picha, sembuse sasa ana ukurasa wake wa mapishi wenye wafuasi elfu sita. Alijua kwamba neno ni lile lile, ila kila baraza lina vazi lake.

Kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako majirani hupita mbiombio, aliweka mstari mmoja: "Kuazima si kurithi." Facebook, kwa mashangazi wenye nafasi ya kusoma, aliandika kisa kirefu cha bibi wa zamani aliyekatalia chungu cha watu, kila alichopika kikachacha. TikTok alijirekodi akisaga nyanya kwa blenda, akikoroga biriani ya watu arobaini ndani ya kijisufuria cha chai, huku akiugua. Walibaki wasio na simu, na hao ndio wenye ndimi ndefu zaidi. Kwa ajili yao alijifunga leso iliyoandikwa "Cha mwenzio si chako hata kikikaa kwako", akaenda nayo Marikiti kununua ndimu asizozihitaji, akarudi kwa njia ndefu.

Kosa lake ni kusahau kwamba fumbo halina anwani. Kila mwenye deni moyoni alijiona ndiye anayesemwa. Jirani wa mkabala alirudisha sinia mbili. Zakariya, muuza halua, alileta mwiko aliouazima kabla ya korona. Mtu mwengine aliacha mbuzi ya kukunia nazi mlangoni, akabisha, akatoka mbio. Wifi yake hakuleta kitu. Alinuna tu, akaapa hata posani haji.

Hadi Alhamisi ukumbi ulikuwa umejaa vyombo, na sufuria haimo. Ujanja ukamwishia Nabiha. Alikaa juu ya ile mbuzi, ambayo hata haikuwa yake, akamlilia mamake kwelikweli.

Auma, mpangaji wa ghorofani anayefanya kazi katika ofisi za bandarini, alimkuta hapo akishuka ngazi.

"Mama Jihan, kuna nini?"

Nabiha alikuwa amechoka hata kufumba. "Sufuria ya mama, Auma! Ile kubwa. Naitaka sufuria yangu, basi!"

"Ya vishikio vya shaba? Iko kwangu. Si uliniletea mwenyewe mwaka juzi iliporudi harusini, ukasema jikoni kwako hakuna nafasi? Ungeniuliza tu."

"Wallahi! Stetasi hukuiona? Leso hukuisoma?"

"Nimeona zote. Ile video nimewatumia hata wenzangu kazini, tumecheka sana." Auma alipanda mbio, akateremka na sufuria, safi, inang'aa. Nabiha aliikumbatia. "Lakini mimi nilidhani unajitania mwenyewe," Auma alisema.

"Nijitanie kwa lipi?"

"Pale unaposaga nyanya. Si blenda yangu ile?"

Nabiha aligeuka kuitazama ile blenda jikoni. Ubavuni iliandikwa AUMA kwa rangi ya kucha, herufi kubwa, na watu elfu tisa walikuwa wameshaitazama video hiyo.

Chumbani, Taha alipaliwa na kahawa.