Kiganja cha Mulei

"Achia, Mulei! Achia, nimesema!"

Mulei hakuachia. Upepo wa saa tisa ulilivimbisha tanga, ukamburura kwenye vumbi jekundu la uwanja wa kuanikia mkonge, kamba ameizungusha kiganjani mara tatu. Wanawake waliokuwa wakigeuza mkonge waliacha kazi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hudson, aliyekuwa akipiga kelele, hakucheka.

"Mzee, fahali ukimwachia hutamwona tena," Mulei alisema, akipangusa magoti. "Kwetu kamba huzungushwa mkononi. Akitaka kwenda, aende na wewe."

"Hili si fahali. Dhoruba ikija usipoliachia, linapindua mashua."

"Linavuta kama fahali."

Mashua ilisimama katikati ya uwanja juu ya mkokoteni wake, mlingoti umenyooka, maji ya karibu yakiwa mwendo wa nusu siku kwa lori. Wazungu waliliita spinaka, tanga hilo jepesi la mbele linalovimba upepo ukitoka nyuma. Hudson aliliita Tumbo. Alikuwa amelishika miaka kumi na miwili huko Kilindini, kwenye mashua za mabwana, hata mabwana wakaondoka, naye akarudi kwao Wusi kukuta ndugu zake wameshagawana shamba. Hawakumbakishia hata mgomba mmoja.

Sasa Bwana Alexander, meneja wa mkonge hapa Voi, alitaka kumshinda meneja mwenzake wa Taveta kwenye Ziwa Jipe. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Lakini masharti hayakuwa mchezo: wakishinda siku ya Pasaka, Hudson atabaki mtunza mashua, na chumba chake kambini. Wakishindwa, aondoke. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hakujua kazi nyingine duniani.

Na mabaharia wenyewe ndio hao! Mulei, Mkamba aliyechunga ng'ombe Ndara tangu aote meno, na Donald, mwimbaji wa kanisa kutoka milimani, aliyeogopa hata mto wa kuvuka kwa miguu. Hudson aliwatazama akajua kabisa kwamba haitawezekana. Akawafundisha hivyo hivyo.

Mazoea yana taabu, kwa hiyo alimvizia Mulei kila mahali. Kwenye foleni ya posho: "Achia!" Wakati wa chakula, tonge likiwa njiani kwenda mdomoni: "Achia!" na ugali ukaanguka mchangani. Mulei alilalamika kwamba atakufa njaa. Lakini wiki ya nne kiganja chake kilikuwa kinafunguka kabla kichwa hakijafikiri, na Hudson akajikuta anampenda kijana yule.

Siku ya Pasaka, Tumbo lilifunguka juu ya Jipe bila mkunjo hata mmoja. Waliwapita watu wa Taveta kama waliotia nanga. Donald alisahau woga akaanza kuimba. Kule mbele Hudson aliliona pipa la mwisho, alama ya kumalizia mashindano, na nyuma ya pipa akauona mlango wa chumba chake.

Ndipo maji ya upande wa Upare yalipogeuka meusi. Dhoruba ilikuwa inakuja, na Hudson alijua inataka nini.

Mulei naye aliiona. "Mzee, niachie?"

Wakiachia, Taveta watapita. Hudson alilitazama pipa.

"Shika," alisema. "Shika kabisa!"

Bwana, nyuma kwenye usukani, alikuwa akiwazomea watu wa Taveta na hakusikia kitu. Mulei alitabasamu, akaizungusha kamba kiganjani mara tatu.

Mashua ilipinduka, wakatolewa kwenye matete na watu wa mtumbwi. Mlingoti ulikuwa umevunjika, na mkono wa Mulei umegeukia upande ambao mkono haugeukii.

"Wewe Mulei!" Bwana Alexander alifoka. "Kwa nini hapana achia? Hudson nafundisha wewe mwezi mzima!"

Mulei alimtazama Hudson. Palikuwa na muda wa kutosha mtu kusema neno moja, hata mawili. Hudson alikikumbuka chumba chake, akainamisha macho.

"Nilisahau, Bwana," Mulei alisema.

"Kesho hapana rudi kazi." Kisha Bwana akamgusa Hudson begani. "Hapana kosa yako. Mimi natengeneza mashua. Tapata mtu ingine, wewe tafundisha yeye."

Jioni lori liliwarudisha Voi. Donald alilala juu ya magunia. Mulei alikuwa amepewa shati kavu na watu wa mtumbwi, akahangaika nalo kwa mkono mmoja kila lori liliporuka shimo.

"Mulei," Hudson alianza. "Mulei, mwanangu..."

"Kuna baridi, mzee. Nifungie vifungo."

Akainua kidevu, akangoja. Hudson alipiga magoti mbele yake kwenye sakafu ya lori, akashika kifungo cha juu. Kikamponyoka. Akakishika tena.