Pua ya Mlangoni

Mzee Sindano, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa amemshonea mjukuu wake nguo nyingi na hakuna hata moja iliyomkaa. Fundi cherehani hushona kwa kipimo, na kipimo hakuwa nacho. Mtoto alizaliwa njiti, na hata baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali, babu mtu hakuwahi kumgusa.

Aliyemkataza ni binti yake, mama wa mtoto. Huyu kazi yake ni maabara, kukuza chembe za kinga ya mwili kwenye visahani. Siku moja alimketisha baba yake mbele ya darubini. Kwenye kisahani cha kwanza chembe zilikuwa zimezaana mpaka zinabanana. Cha pili kilitiwa matone ya maji yaliyopitishiwa moshi wa sigara. Humo zilikuwa chache, zimetawanyika.

"Zimekufa?"

"Zipo hai, Baba. Sumu za moshi ndizo zinazozizuia kuongezeka. Na mwanangu ndiyo kwanza anajenga zake."

Tangu hapo kila akija alinuswa mlangoni: kola, vidole, ndevu, utadhani anavuka mpaka na magendo. Alijaribu kutafuna karafuu, akajisugua kwa sabuni ya kufulia. Wapi! Aliacha sigara, akairudia. Akabaki kumtazama mtoto kupitia dirisha. Mikono iliyoshonea nguo nusu ya mtaa, na haijui uzito wa damu yake yenyewe!

Jioni moja alikuja tena. Njiani alikuwa amevuta moja, moja tu, kama anavyojidanganya siku zote. Binti akafungua, nywele zimelowa.

"Leo kazini feni ya kutoa moshi wa sigara za majaribio ilikufa, tumeshinda ndani ya moshi. Nimeoga mara mbili ndipo nikamshika mtoto."

Akamnusa kola. Akanusa vidole. Uso ukamchanua.

"Baba! Hongera. Haya, mpokee mjukuu wako."

Mzee akaelewa. Pua ile ilikuwa imeuzoea moshi kutwa nzima, haiusikii tena. Mtoto aliletwa mbele yake, akapiga mwayo mdogo. Mikono ya mzee ikanyanyuka yenyewe. Alikitaka kile kichwa kiganjani mwake kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Akairudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Mwondoe, mama. Pua yako leo imechoka. Nimevuta pale kona."

Binti akamrudisha mtoto kifuani. Mzee akatoka mwenyewe, akasimama pale pale dirishani.

"Kabatini kuna utepe wa marehemu mama yako," aliita kupitia kioo. "Mpime wewe. Anzia begani, uje mpaka kwenye kiwiko cha mkono. Usiukaze."

Binti akapima huku machozi yakimtoka, akitaja namba moja moja kwa sauti. Nje, mzee akachomoa kalamu, akaziandika zote kwenye kiganja chake kitupu.