Kijapani cha Mama Priska

Mama Priska alijisifu mbele za watu kwamba Kizota nzima hakuna mwanamke anayekijua Kijapani kama yeye. Ukimbana kidogo, anacheka mpaka pengo lake linaonekana, kisha anakiri: "Neno moja tu, baba. Na hilo moja lenyewe ni la Kigogo."

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, ndiyo iliyomkutanisha na Wajapani. Mitumba ilikuja, redio zikaja, deki za video zikaja, na Sostenes, kijana wa Songea aliyechoka kuchomelea mageti, akafungua banda la video nyuma ya karakana. Madirisha aliyaziba kwa magunia ili mchana uwe giza. Mwenyewe alisimama kando ya televisheni na maikrofoni yake, akitafsiri. Alitafsiri Kichina, akatafsiri Kihindi, na katika lugha zote hizo hakuna hata moja aliyoijua. Mama Priska aliingia bure kwa heshima ya karanga alizouza humo, akakalia kigoda mbele kabisa, sinia mapajani.

Vijana walipenda filamu za ngumi. Yeye ngumi zilimchosha: mtu anapigwa, anaanguka, anaamka, anapigwa tena, kama mlevi anayegombana na mlango wa kwake. Alichopenda ni katuni za Kijapani, zilizokuja ndani ya robota la mitumba na maandishi kama nyayo za kuku aliyepita kwenye unga. Alipenda namna majani yanavyolala upepo ukipita. Alipenda mvuke wa wali; wali wa kuchorwa, lakini tumbo lake liliuamini. Zaidi ya vyote alipenda pale ambapo hakuna anayesema kitu, mtoto anafunga kiatu tu, na nje mvua inanyesha.

"Sosi, peleka mbele!" vijana walikuwa wakipiga miluzi.

"Nyamazeni huko!" aliwageukia. "Mvua yote hiyo hamtaki kuiona? Dodoma hii mtaiona wapi nyingine?"

Katika kanda hizo ilikuwapo moja ya mtoto wa kike, nywele zimekatwa sawasawa juu ya macho. Mama yake anaondoka kwa njia ya vumbi, hageuki nyuma. Mtoto anabaki mlangoni, majani marefu mbele yake, anaita: "Yaya! Yaya!"

"Anamwita yaya wa nyumbani amletee chai!" Sostenes alitangaza. Banda zima likacheka.

Mama Priska hakucheka. Sinia lilimponyoka, karanga zikatawanyika gizani kwenye miguu ya watu. Kwa Kigogo, yaya ni mama.

Priska, mtoto wake wa pekee, alikufa kwa surua angali mdogo. Siku ile mama yake alikuwa Hombolo kwenye msiba wa dada yake. Mvua ikashuka, korongo likajaa, hakuna aliyeweza kuvuka. Waliokaa na mtoto walimweleza baadaye kwamba alimwita mchana kutwa, yaya, yaya, hadi sauti ikamwishia. Kwa hiyo miaka yote hiyo Mama Priska alijua mwanawe alisema nini. Hakujua alikisema kwa sauti gani. Sasa alijua.

Akawa anaomba ile kanda iwekwe tena. Ilipowekwa, mtoto hakuwa mlangoni. Alikuwa ameshafika kwenye uzio. Siku nyingine Mama Priska aliapa kwamba amemwona upande wa huku wa uzio, amevuka, na macho yake makubwa hayakumtazama tena yule mama wa kuchorwa. Yalitazama kigoda.

"Kanda inachakaa, mama," Sostenes alimwambia. "Picha zinaruka."

"Mbona zinaruka kuja huku tu?"

Nyumbani alianza kufunga mlango mapema. Kisha akaacha kabisa kuufunga.

Ndipo Sostenes alipomwambia, huku akifagia maganda ya karanga, kwamba wateja wamechoka na katuni. Ile kanda ya mtoto angeirekodia mieleka juu yake, siku ya Jumamosi.

"Na yeye atakwenda wapi?"

"Nani?"

"Mtoto."

"Mama Priska, yule ni rangi tu."

Alimtazama Sostenes, akaona kwamba machozi hayatamsaidia. Akaamua kutumia mdomo, ambao haukuwahi kumwangusha.

"Haya, mtaalamu. Yaya ni Kijapani cha nini?"

"Yaya si yaya? Mlezi wa watoto."

"Hicho Kiswahili. Mimi kwetu yaya ni mama. Tangu lini Mjapani akamlilia mama yake kwa Kigogo? Humo ndani hamna Mjapani, mwanangu. Mna Priska wangu, mmoja tu niliyemzaa, akanifia mdogo. Na kwetu mzimu wa mtoto haufutwi. Ukiufuta unahamia kooni mwa aliyeufuta, sauti inakwisha. Sijui utatafsiri kwa vidole!"

Hilo la koo alilitunga palepale, akiwa bado amefungua mdomo. Sostenes alicheka. Halafu akaiweka kanda, banda likiwa tupu, asikilize mwenyewe. Mtoto alipoita, alizima deki, akashika koo lake, akamkabidhi Mama Priska kanda bila kumtazama.

"Ichukue. Mimi sijaiona."

Aliifunga kwenye kanga, akaibeba mgongoni kama wanavyobebwa watoto. Hakuwa na umeme, wala televisheni, wala hata redio. Kanda aliilaza kitandani upande wa ukutani, alipokuwa akilala Priska, akaketi kuitazama. Haikuonyesha kitu. Wakati mwingine aliiinua akaitikisa sikioni, akasikia vijigurudumu vyake vikigonga ndani, basi. Amempata mtoto, na hamwoni. Alianza kumsimulia, akipepeta karanga, habari za korongo lile, jinsi lilivyovuma, jinsi alivyosimama ng'ambo na viatu mkononi.

Sostenes alikuja alasiri moja, amekunja uso lakini mdomo unataka kucheka.

"Shikamoo, Mama Priska."

"Marahaba, baba. Koo linaendeleaje?"

"Koo langu zima! Nimemwona Filipo, aliyefanya kazi na mabwana shamba wa Kijapani kule kwenye mpunga. Nikamwuliza. Anasema si yaya, ni iya. Iya, iya! Maana yake 'sitaki'. Ndivyo watoto wao wanavyodeka. Umeniingiza mjini, mama! Naomba kanda yangu."

Mama Priska alisimama mlangoni na ungo wake. Sitaki, alijisemea. Mama anakwenda, mtoto anasema sitaki. Hata hivyo haikuwa mbali sana na kumwita mama.

"Haya, umenishinda," akasema. Aliingia ndani, akatoka na kanda. "Nilikutungia. Hakuna mzimu, hakuna mtoto. Nilipenda ile mvua yake tu."

"Ungesema tu, mama. Ningekuwekea asubuhi kabla ya watu."

"Nikisema kweli unanisikiliza?"

Sostenes akacheka, akaibana kanda kwapani, akageuka. Alikuwa hajafika kwenye michongoma ya ua.

"Yaya!"

Sauti ilitoka ndani ya nyumba, upande wa kitanda. Ilikuwa nyembamba, inakwaruza kidogo, kama ya mtu aliyeita kutwa nzima.

Sostenes alisimama. Akaitazama kanda iliyokuwa kwapani mwake. Akautazama ukuta wa udongo ambao haukuwa na waya hata mmoja.

"Mama Priska. Nani huyo?"

"Mjukuu wangu," alijibu haraka, akipepeta ungo usio na kitu. "Ameletwa jana kutoka Hombolo. Ana kikohozi, maskini."

"Yaya!" Sasa ilikuwa karibu na mlango.

"Mama," Sostenes alisema polepole, "si uliniambia Priska alikuwa mmoja tu, akafa mdogo? Mjukuu umempata kwa nani?"

Mama Priska alifungua mdomo atoe uongo mwingine, akakuta haumo.