Goli la Jezi Namba Tisa

Nitasema ukweli: Fides nilimwonea wivu tangu wiki yake ya kwanza redioni kwetu Tunduma. Miaka tisa mimi ndiye sauti ya mpira Songwe nzima, nikipita stendi watu wananiita kwa jina. Yeye anakuja na daftari lake, anakwenda mazoezini kwa timu ya Ihanda, anakaa na wachezaji wa akiba kuwauliza kwao ni wapi na mama zao ni nani. Nani anafungua redio kwa ajili ya benchi? Lakini mkuu wa vipindi alilipekua lile daftari akasema, "Huyu binti anachimba." Mimi hajawahi kuniambia hivyo. Tena akasema fainali ya kombe la wilaya ya Mbozi, kati ya Ihanda na Hasamba, ikiisha ataamua nani ashike maiki ya ligi ya mkoa.

Fainali iliangukia Juni, kahawa imeiva. Mbozi kahawa ikiiva hakuna cha fainali. Baba akisema twende shamba, unakwenda. Ihanda wakaja bila watano wa kikosi cha kwanza. Kwa kuwa klabu ina seti moja tu ya jezi, wa akiba wakavaa za wenzao.

Fides akanisogezea daftari. "Kaka Mbonile, kikosi kimebadilika. Nimewaandika wote humu."

"Niachie kazi yangu, mdogo wangu," nikamjibu. Bora nife kuliko kusoma mwandiko wake hewani.

Dakika ya themanini namba tisa akapokea mpira, akamzunguka beki, akafunga. Nikapaza sauti, "Hezron! Hezron wa Ihanda!" Nikampamba dakika nzima.

Kama kawaida yetu baada ya goli, studio wakaunganisha simu ya msikilizaji.

"Shikamoo, mtangazaji. Hezron ndiye mimi. Niko shambani nachuma kahawa, redio nimeitundika kwenye mti. Hilo goli nimelifunga saa ngapi?"

Nyuma yake niliwasikia watu wakicheka. Nikamsaka mwingine wa kumlaumu, sikumpata.

Filimbi ilipolia, Ihanda wakiwa mabingwa, namba tisa alikuja mezani kwetu. Alikuwa Gwalugano. Miaka mitatu benchi, na hilo ndilo goli lake la kwanza. Nilinyoosha mkono nimpongeze. Akanipita.

"Dada Fides, mama anasikiliza tangu saa nane. Jina langu hajalisikia."

Fides angeweza kuinyakua maiki. Hakuinyakua, alinitazama, akasubiri. Hilo liliniuma kuliko kile kicheko cha shambani kwa Hezron. Nikampa.

Daftari hakulifungua. Alimtaja Gwalugano, akakitaja kitongoji chao, akamtaja na mama yake, kisha akalisimulia goli lile taratibu tangu mwanzo. Kila sentensi niliitamani iwe yangu.

Simu ikaunganishwa. Alikuwa mama yake Gwalugano.

"Nimemsikia mwanangu, asanteni. Ila yule kaka wa mwanzo mpumzisheni, naona amechoka."

Jumatatu mkuu wa vipindi akanipumzisha.