Kura ya Rra Lesego

Ngrrr, ngrrr. Simu ilikuwa ikitetema ndani ya sahani ya bati, na punje za mtama zilizobaki humo zilicheza nayo. Hakujapambazuka. MmaTshiamo alipapasa gizani, akavaa miwani, akasoma.

"Maiti amepiga kura," Moatlhodi wa Kanye alikuwa ameandika kwenye Baraza la Mbegu.

Baraza hilo la kwenye simu halikuwa na bosi. Lilikuwa la watunza mbegu za kienyeji, watu sitini na wanne waliotawanyika Botswana nzima. Mwenye pendekezo hulileta, wawili humuunga mkono, watu huongea siku tano, kisha hupiga kura tangu jua la siku ya tano lizame mpaka la siku ya sita lizame. Kabla halijazama, mwenyewe anaweza kuliondoa. Kura zikilingana, pendekezo limeanguka.

Mwezi huu zamu ya kuhesabu ilikuwa ya MmaTshiamo, kule Mahalapye. Moatlhodi alitaka kampuni moja ipewe mbegu zao zote ikazizalishe. Thelathini na wawili wamekubali, thelathini na wawili wamekataa. MmaTshiamo alikuwa miongoni mwa waliokataa. Mtama mwekundu wa mama yake ulikuja kwake mkono kwa mkono. Hakutaka uende kwa watu asiowajua hata kwa majina.

"Rra Lesego wa Shoshong alizikwa mwezi wa sita," Moatlhodi aliendelea. "Binamu yangu alishika koleo. Sasa nani amekataa kwa jina lake? Na Shoshong si hapo tu karibu na Mahalapye, kwa mhesabu wetu?"

"Labda kaburini mtandao unashika kuliko huku kwetu," mmoja akatania.

"Tusicheke. Mhesabu kura ajieleze," Moatlhodi akaandika.

Uso ulimwaka MmaTshiamo. Alirudi nyuma akasoma kura za zamani, akaona ajabu. Rra Lesego hakuwahi kupiga kura bila kuandika habari ndefu za mvua. Tangu majira ya baridi, kimya, kura tupu. Nani ameiba simu ya marehemu? Au ni Moatlhodi mwenyewe, amemtegea? Alipiga namba ile mara tatu. Iliita, haikupokelewa.

Jua lilipochomoza alikuwa njiani kwenda Shoshong.

Uwanja wa Rra Lesego ulikuwa umefagiwa vizuri. Mtama ulianikwa juu ya gunia.

"Ko-ko!" alibisha hodi.

Pazia likatikisika.

Akasimama palepale, akaipiga tena ile namba. Simu ikalia ndani ya nyumba, kisha ikazimwa upesi.

"Wewe uliye humo, toka! Mbio sina, lakini sauti ninayo!"

Mlango ukafunguka. Alitoka mwanamke aliyevaa nyeusi tangu kichwani hadi miguuni, simu mkononi.

"Usipige kelele, dada. Umetoka mbali, kaa kwanza."

Alimwekea kiti kivulini, akamletea kikombe cha maziwa ya mgando, na hakumuuliza jina mpaka alipomaliza kunywa. MmaTshiamo alijitaja, akaeleza kilichomleta.

"Mimi ni MmaLesego, mke wake," mwanamke akasema. "Mbegu nilizichagua mimi, yeye aliandika. Kila kura tulibishana hapa hapa mpaka tukubaliane."

"Mbona hukuingia kwa jina lako?"

MmaLesego alimtazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Na nguo hizi? Mjane haingii kwenye kgotla, baraza la kijiji, mpaka mwaka uishe. Nikasema basi, baba Lesego aendelee kuingia kwa niaba yangu."

MmaTshiamo alitaka kucheka: kgotla ya kwenye simu! Akaitazama ile nguo nyeusi, hakucheka.

"Dada, kura hii siwezi kuihesabu."

"Hata kama iko upande wako?"

"Hasa kwa kuwa iko upande wangu."

Aliandika yote kama yalivyokuwa. Thelathini na wawili kwa thelathini na mmoja, pendekezo limepita. Alikuwa akiutoa mtama wa mama yake. Alingoja matusi.

Kisha Moatlhodi akaandika: "MmaTshiamo, nilikudhania vibaya, nisamehe. Mimi nimelelewa na mjane. Jua halijazama, naliondoa pendekezo langu. Mama akivua nguo nyeusi, aingie kwa jina lake, ndipo nilirudishe. Na nitashinda."

"Utashindwa!" MmaLesego aliiambia simu, kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

"Umesema tu, hujaandika," MmaTshiamo alimwambia. "Hiyo haina kosa."

Walicheka, wote wawili, mpaka machozi.

Jioni MmaLesego alimsindikiza hadi langoni, mahali ambapo kwa miezi majirani, kwa kuogopa mwiko wa ujane, walisimama wakasalimia bila kuingia. Alimpa konzi ya mbegu kwenye kitambaa, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Njoo tena, dada. Mwezi ujao. Wala usinipigie simu uwanjani kwangu kama polisi, ingia tu."