Mlio wa Katoni

Mkono wa roboti uligoma tena kiwandani asubuhi hiyo, na kama kawaida fundi ndiye aliyeitwa. Dada wa watu alipanda juu ya kreti, akafuta vumbi kwenye kioo cha kamera, akauwasha upya. Mkono ukainama, ukabeba katoni ya chupa za sharubati, ukaipanga juu ya nyingine. Hakuna aliyesema asante. Wapakiaji waliobaki, wanawake wanne pale mwisho wa mkanda unaopitisha katoni, hata hawakugeuka.

Zamani walikuwa kundi zima, na fundi alikuwa anakula nao. Tangu mkono ufungwe na wenzao kurudishwa nyumbani, wanne hao walihamishia chakula chao nyuma ya ghala, naye wakampa jina la Mke wa Roboti. Siku ya kwanza alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Sasa alikula peke yake kando ya mashine, na kuna siku alimaliza zamu bila kuongea na mtu.

Leo alikuwa na jambo zito. Alikuwa amepata nafasi ya shahada ya pili ya akili mnemba na robotiki, na chuo kilitaka jibu kabla ya jioni: atasoma muda wote, au alasiri mbili kwa wiki huku akiendelea na kazi? Kusoma muda wote ni kuacha mshahara, na mshahara huo ndio uliomlisha mama yake na kumsomesha mdogo wake. Kusoma alasiri kulihitaji ruhusa ya mwajiri, pamoja na mradi wa kufanyia kazini. Akaenda kwa meneja.

"Kusoma ni kuzuri," meneja alisema, macho kwenye simu. "Ila kampuni inafaidika nini?"

"Mashine hazitagoma ovyo, bosi."

"Hilo unalifanya sasa bila shahada." Akacheka peke yake. "Sikia. Wale akina mama wanagonga katoni, wanajua ndani kuna chupa iliyopasuka. Ifundishe mashine kusikia hivyo. Huo ndio mradi wako, na ruhusa nakupa leo hii."

"Na wao?"

"Wao nini?"

Fundi akashuka hadi mwisho wa mkanda. Shangazi, mkubwa wa wale wanne, alikuwa anagonga kila katoni kwa kifundo cha kidole, sikio kaliinamisha. Nzima ilitoa mlio uliojaa. Yenye ufa ilikoroma kidogo, kama mtu mwenye mafua. Ingetosha kuwasha simu na kurekodi. Shangazi akamwona, akaacha kugonga.

"Umetumwa?"

"Nimetumwa, Shangazi. Nikikataa, sisomi."

"Na ukikubali, sisi hatuli." Hakusema kwa hasira. "Amua mwenyewe, mwanangu."

Neno hilo, mwanangu, lilimuuma kuliko jina lolote walilompa. Alikuwa amesahau kuwa anaweza kuitwa hivyo humu ndani.

Alirudi kwa meneja akiwa na uongo wake tayari. "Hakuna cha kufundisha, bosi. Nimewatazama. Wanagonga kwa mazoea tu."

Meneja akainua macho kutoka kwenye simu kwa mara ya kwanza. "Kumbe! Sasa tunawalipa ya nini?"

Fundi akaisogelea meza haraka. Alidhani anawafunika, kumbe amewavua nguo.

"Hapana, bosi. Nimekudanganya. Wanasikia, tena vizuri sana. Mimi ndiye nisiyetaka kuufundisha mkono."

"Basi ruhusa hakuna," meneja alisema, na wala hakukasirika. "Tutatafuta atakayetaka. Vijana wenye shahada wamejaa mtaani."

Pale pale nje ya ofisi ya meneja fundi akaandikia chuo kwamba nafasi yake wampe mwingine. Alitamani kulia, akajizuia, kwa sababu hakuwa na wa kumfuta machozi. Kisha akamfuata Shangazi.

"Nimekataa."

"Na masomo?"

"Yamekwenda."

"Pole. Na asante." Uso wa Shangazi ulilainika kweli. "Na huyo watakayemleta, naye atakataa?"

Fundi akautazama mkono wa roboti. Shangazi akatikisa kichwa, akavuta katoni iliyofuata, akaweka mgongo wake kati ya katoni hiyo na fundi. Kisha akagonga polepole, ili hata fundi asiusikie mlio.