Walituambia Tungoje Gari

Jumanne, tarehe nne Februari 2025, Apendi aliangusha jembe katikati ya mihogo akasema kichwa kinampasuka. Mumewe, Obbo, hakushtuka. Nani katika Sop Sop, mashariki mwa Uganda, hajui malaria? Tena wao walikuwa ndani ya mradi wa utafiti wa malaria. Miaka minne walitoa damu kidoleni kila mwezi, na watafiti waliwapa sheria moja: ukiugua usimeze dawa ya dukani, itaharibu vipimo. Piga simu, gari litakuja na dawa.

Obbo akapiga. Haipatikani.

"Mtandao tu huo," Apendi akasema. "Tungoje."

Jioni akapita jirani yao Oluka, mwendesha boda. "Lete nimpeleke hospitali Tororo."

"Watu wa mradi watakuja."

"Mzee, huyu mama ni mke wako au mke wa mradi?"

Apendi akacheka, meno yakigongana kwa baridi. "Mradi wananitunza kuliko huyu."

Alhamisi Oluka akarudi kutoka Busia na maneno ya madereva wa malori pale mpakani: wakubwa wa ng'ambo wamekata fedha za utafiti, ofisi imefungwa tangu wiki iliyopita. Wakampakia Apendi katikati yao. Pikipiki iliondoka na watu watatu, ikafika Tororo na wawili na maiti.

Mwaka ukapita. Wakubwa wakajisikia kutoa fedha tena, maana kwao kutoa na kunyima ni kama kufungua na kufunga bomba. Gari jeupe likasimama uani, akashuka musawo Babra, muuguzi yule yule wa mradi aliyekuwa akiwatoa damu, na makaratasi yake.

"Pole, baba. Kwenye fomu niandike mama alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Andika utii."

"Baba, sababu hiyo haimo kwenye orodha."

"Basi iongezeni. Simu nilipiga mara kumi na moja."

Babra akainamisha macho. "Hata mimi walinifukuza kwa ujumbe wa simu. Tuliambiwa tusiguse mgonjwa yeyote."

"Na miguu walikukata? Kwenu ni Bulumbi tu hapo."

Babra akatoa karatasi nyingine, ya kumsajili Awor, binti wa Obbo, mtoto wa miaka tisa. Dawa mpya ya kukinga, akasema, inajaribiwa kwa watoto. Obbo akamtazama Awor aliyelala kwenye mkeka, homa ya tatu tangu Krismasi. Enzi za mradi mtoto huyu alikuwa hata mafua hayajui. Hilo ndilo lililomuuma: watu hawa walimuulia mke, na dawa iko kwao.

Akachovya dole gumba kwenye wino. Likabaki hewani, juu ya karatasi.

"Musawo, sitaki pole. Siku wakubwa wakikata tena, nani kati yenu atafunga safari mpaka hapa kuniambia nisingoje?"